Kago la Ini: Miti, Sumu na Tiba katika Nchi ya Mhunze

Lipo katika lugha yetu neno la kale, kago, ambalo vijana wa leo hawalisikii sana vinywani mwa watu, na ambalo wazee walikusudia kwalo dawa au zindiko apewalo mtu, au liwekwalo nyumbani na shambani, kabla ya dhara kufika, ili siku dhara litakapofika likute mlango umekwisha kufungwa. Kukaga si kutibu. Atibuye huja baada ya ugonjwa, akiwa na huruma na haraka. Akagaye huja mapema, ugonjwa ungali mbali, na kazi yake ikifaulu haionekani kwa macho, kwa kuwa ni nadra mtu kumshukuru mganga kwa maradhi ambayo hayakumpata.

Neno hili lina ndugu yake bara. Wasukuma husema lukago, na miongoni mwao waliojulikana zaidi kwa lukago ni Bayeye, chama cha wacheza nyoka, ambao kwa vizazi vingi wamekuwa wakiwabeba vifutu na swila mbele ya umati wa watu huku ngoma zikirindima. Mwanachama mpya hakuruhusiwa kumgusa nyoka siku ya kwanza. Kwanza alichanjwa chale, zikapakwa dawa iliyosagwa, akafundishwa miti ya kutumia na namna ya kuichimba, na baada ya hayo ndipo alipopewa nyoka mkononi. Katika Makumbusho ya Bujora pale Kisesa karibu na Mwanza, yaliyoasisiwa na Padre David Clement wa Kanada, habari za vyama vya namna hii zimehifadhiwa pamoja na ngoma zao, na mwenye kuzitazama kwa makini atatambua ya kuwa wazee wale waliitenga elimu ya kuzuia sumu na elimu ya kuiondoa, wakaipa kila moja jina lake.

Nimelitanguliza neno hilo kwa sababu nataka kusimulia habari za ini la mwanadamu na sumu zilizolifikia katika nchi ya Mhunze na jirani zake hadi Geita, na za miti ambayo watu wameiendea wakitafuta nusura. Wengi huzisimulia habari hizi kama kwamba ni habari za dawa tu: mti fulani, kikombe fulani, siku kadhaa, mgonjwa akapona. Mimi nimesadiki ya kuwa ni habari za kago, na kwamba mwenye kuitafuta dawa ya ini pasipo kuilinda nchi iotayo dawa hiyo, na pasipo kuizuia sumu mlangoni, amelishika jambo hili kwa mkia.

Ini lina heshima kubwa katika usemi wetu. Mtu aliyeumizwa mno na neno la mwenziwe husema amekatwa maini, wala hasemi amekatwa mapafu. Katika elimu ya tiba ya zamani, iliyotoka kwa Wayunani ikapita kwa Waarabu, ini lilikuwa sultani wa viungo: tabibu wao Jalinus alifundisha kuwa chakula hugeuka damu ndani yake, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliifuata rai hiyo katika kitabu chake cha Qanun. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alipothibitisha kuwa damu huzunguka mwilini kwa kusukumwa na moyo, ini lilishuka katika kiti hicho cha enzi. Lakini elimu ya baadaye ikalipa kiti kingine kisichopungua heshima. Damu itokayo matumboni, ikiwa imebeba kila kilicholiwa na kunywewa, hupita kwanza katika ini kabla ya kuenea mwilini, kama vile shehena ya jahazi ilivyopaswa kupita forodhani kabla ya kuingia mjini. Ini ndilo forodha ya mwili. Huko hupokelewa cha halali kikawekwa akiba, na chenye madhara kikavunjwavunjwa ili kitoke kwa njia ya nyongo au mkojo. Ndiyo maana sumu nyingi, ziingiapo kwa kinywa, hulikuta ini limesimama mbele.

Sasa na tuitazame nchi yenyewe. Mhunze ni makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga, nchi ya mbuga za udongo mweusi ambao masika hushika miguu ya ng'ombe na kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono. Mvua yake si ya kutegemewa, na wenyeji wameishi kwa mtama, pamba, alizeti na mifugo. Ndani ya wilaya hiyo ipo Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Na upande wa magharibi, ukivuka nchi ya Wasukuma kuelekea Geita, huko ndiko kwenye dhahabu, iliyochimbwa tangu zama za Waingereza na ambayo hadi leo huwakusanya wachimbaji wadogo kwa maelfu. Kwa hiyo watu wa nchi hii wameishi juu ya utajiri wa chini ya ardhi, huku utajiri wa juu yake, yaani miti, ukitazamwa na watawala mbalimbali kwa macho mbalimbali.

Katika zama za watemi, dawa iliitwa bugota, na mganga aliitwa nfumu. Bafumu hawakuwa watu wa namna moja: wapo waliopiga ramli, wapo waliojua mifupa, wapo waliojua uzazi, na wapo waliojua miti tu. Katika dawa nyingi walitofautisha mmea wenyewe na shingila, yaani kile kiambato kidogo chenye maana iliyofichika, ambacho waliamini ndicho kiamshacho nguvu ya mti. Mgonjwa aliyefikishwa kwao akiwa na macho ya manjano, mkojo mweusi na tumbo lililojaa maji, hawakumwandikia jina la seli wala la kirusi. Walizisoma dalili zake, wakamuuliza alikula nini na alikosana na nani, kisha wakaiendea miti. Mbuyu, ambao wao huuita ng'wandu, uliwapa majani, unga wa tunda na gome. Mkwaju uliwapa ukwaju na majani. Mjunju wa miiba uliwapa gome na mizizi. Na miti hiyo mitatu ni ya kukumbukwa, kwa maana tutakutana nayo tena mahali ambapo bafumu wale hawakupata kupaota ndotoni.

Namna walivyochuma ina funzo lake. Mganga aliyefundishwa vema hakulizungusha shoka shinani. Alisimama upande wa mashariki, jua linapotoka, akabandua kipande cha gome kisichozidi kiganja. Akazunguka upande wa magharibi, jua linapozama, akabandua kingine. Kaskazini na kusini hakugusa. Ukimwuliza sababu, atakwambia kwamba ugonjwa huondoka pamoja na jua. Lakini mwenye kuitazama amali hiyo kwa jicho la mkulima ataona hekima ya pili: mti uliobanduliwa pande mbili tu hubaki na njia za kupitishia chakula chake, nao huishi, ilhali mti uliobanduliwa mzunguko mzima hufa. Vivyo hivyo aliyechimba mizizi aliufukia udongo nyuma yake. Basi hata katika kuchuma dawa, mti nao ulikuwa na kago lake.

Msiba wa miti ulianza kwa nia njema. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, mbung'o walikuwa wameenea katika mapori ya Shinyanga, wakiua ng'ombe kwa nagana na kuwatishia watu kwa malale. Serikali ya Waingereza ilimweka Charles Swynnerton kuongoza vita dhidi ya mbung'o, na makao ya utafiti yakawa Shinyanga. Tangu miaka ya 1920 watu walikusanywa kwa maelfu chini ya watemi wao, kila msimu wa kiangazi, wakafyeka pori bega kwa bega hata mdudu akakosa kivuli. Ng'ombe walipona, vijiji vikarudi mahali palipohamwa, wala si haki kuidharau kazi ile. Lakini panga halibagui. Mti wa mbung'o na mti wa dawa huanguka kwa pigo moja.

Katika idara ile ile alikuwamo mtu aliyeutazama msitu kwa shauku nyingine. Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea, alitembea katika mapori ya Tanganyika akikusanya matawi, maua na mbegu, na kitabu chake cha kuitambua miti na vichaka vya nyika zetu kilitoka mwaka 1939. Yeye hakukiona kimetoka, kwa kuwa mwezi Juni mwaka 1938 alifariki katika ajali ya ndege pamoja na Swynnerton mwenyewe. Nafikiri mara nyingi juu ya watu wawili hao waliokufa siku moja: mmoja aliongoza ufyekaji wa pori, wa pili alikuwa akiandika orodha ya vilivyomo ndani yake.

Baada ya mbung'o ilikuja pamba. Zao hili lilileta fedha, likajenga vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya Paul Bomani, likasomesha watoto na kuezeka nyumba kwa mabati. Na kwa kila shamba jipya la pamba, pori lilirudi nyuma hatua moja. Kisha katika miaka ya 1970 ulifika uhamisho wa watu kwenda vijiji vya ujamaa. Kabla yake kila ukoo ulikuwa na ngitili yake, yaani sehemu ya malisho iliyofungwa wakati wa masika ili nyasi na miti ikue, ikafunguliwa kiangazi kikali. Watu walipohamishwa, ngitili nyingi zilibaki bila mwenyewe, na kisicho na mwenyewe huliwa na wote. Kuni za wanawake zikawa safari ya kutwa. Mganga aliyekuwa akichimba mzizi nyuma ya zizi lake akawa hana budi kusafiri siku mbili kuutafuta, au kuununua sokoni ukiwa umekwisha kusagwa, asijue ni mzizi wa nini.

Wakati miti ikiondoka, sumu zilikuwa zikiingia. Na ya kwanza ninayotaka kuitaja iliingia duniani kwa jina la dawa. Watu wetu waliujua ugonjwa wa safura tangu kale: mtu akapauka, akavimba, akashindwa kupanda hata ngazi ya dari. Elimu ilipogundua kuwa safura nyingi huletwa na minyoo inyonyayo damu matumboni, ikatafutwa dawa ya kuwaua, na mwaka 1921 Mmarekani Maurice Hall alitangaza kuwa maji ya kemikali iitwayo kaboni tetrakloridi, yaliyokuwa yakitumika kuondoa madoa nguoni, huwaua minyoo hao kwa dozi moja. Ilikuwa rahisi mno, na ikapokewa kwa furaha katika makoloni ya nchi za joto. Kule Fiji peke yake walipewa watu makumi ya maelfu. Kisha zikaja taarifa za wagonjwa waliogeuka manjano na kufa siku chache baada ya kupona minyoo, na walipopasuliwa maini yao yalikuwa yameoza. Tangu mwaka 1925 Hall na wenziwe waliipendekeza dawa nyingine badala yake. Lakini kaboni tetrakloridi haikusahauliwa, kwa kuwa ilikwisha kujulikana kuwa ni silaha iliyo yakini ya kulijeruhi ini. Nayo ikahifadhiwa maabara, kwa kazi ambayo nitaieleza.

Sumu ya pili iliingia na pamba. Mdudu wa vitumba hana huruma, na mkulima aliyehangaika tangu Novemba hawezi kumwachia mavuno. Kwa hiyo DDT, na baadaye endosulfani na nyinginezo, zilimiminwa mashambani mwa Usukuma msimu baada ya msimu. Naliwaona kwa macho yangu watu wakipulizia bila kitambaa usoni, upepo ukiwarudishia ukungu ule kifuani, na jioni kopo tupu likaoshwa mara mbili kwa maji ya bwawani, likanuswa, likawekwa mafuta ya taa. Na msimu wa pili, harufu ilipopotea, likawekwa mafuta ya kula. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kopo ni chombo, na chombo hakitupwi. Mikataba ya mataifa imezibana au kuzipiga marufuku sumu hizo moja baada ya moja, endosulfani ikaingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2011; lakini kopo halisomi mikataba.

Sumu ya tatu ni zebaki, na hiyo ni ya nchi ya dhahabu. Mchimbaji mdogo huutoa mwamba katika duara, yaani shimo lake, huusaga kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia, huuosha mwaloni, kisha humimina zebaki katika mchanga mzito uliosalia, nayo huikamata dhahabu kama sumaku ikamatavyo chuma. Hukamuliwa katika kitambaa mpaka kikabaki kidonge cheupe kidogo kuliko punje ya hindi, kikawekwa kwenye koleo au kwenye sahani ya bati juu ya makaa. Mchomaji huinama. Kidonge hutoa moshi usioonekana vizuri, weupe wake ukaanza kupungua pembeni, ukawa kijivu, ukawa manjano, na alipokuwa na kitu cheupe sasa ana dhahabu. Wanaomzunguka huinama nao, kwa kuwa kila mmoja ana fungu lake pale. Mara nyingi mama aliyembeba mtoto mgongoni yumo. Katika kijiji cha Rwamagasa, Geita, mradi wa Umoja wa Mataifa wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliwapima wachimbaji na jirani zao, ukakuta dalili za ulevi wa zebaki kwa wengi, hasa waliokuwa wakichoma. Zebaki huanza na mishipa ya fahamu, ubongo na figo. Nalo ini haliachwi salama. Machimboni watu wamezoea kunywa maziwa kwa imani ya kuwa huosha sumu kifuani, na mimi siwacheki, kwa maana naona katika kikombe kile cha maziwa lile neno la kale, kago, likitafuta mahali pa kukaa.

Iko na sumu ya nne, iliyo kimya kuliko zote, nayo haikutoka kiwandani. Ni sumukuvu, itokayo katika ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Iligunduliwa Uingereza baada ya bata mzinga kufa kwa wingi mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga, na mwaka 2016 ilizuka Dodoma na Manyara ikaua takriban watu 20 katika nchi yetu. Sumukuvu hulilenga ini moja kwa moja, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka hulipeleka kwenye saratani.

Sasa nirudi kwenye miti. Mwaka 1974 kilianzishwa katika Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Muhimbili, kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kikawa Taasisi ya Tiba Asili. Watafiti wake walisafiri vijijini wakakaa na waganga, wakaandika jina la mti kwa lugha ya mahali, sehemu itumikayo na ugonjwa utibiwao, wakachukua tawi la kuhifadhi ili kesho asitokee mtu akauchanganya mti huu na ule. Waganga waliokuwa wamezoea kutiliwa shaka tangu Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 waliona kwa mara ya kwanza mtu wa serikali akija na daftari badala ya pingu. Na mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, ikaunda baraza la kuwasajili waganga na dawa zao.

Wakati huo huo, katika maabara za India, Misri, Saudia, Nigeria na kwingineko, lilikuwa likifanyika jaribio la namna moja, ambalo ni wajibu wa kila mpenda dawa za miti kulifahamu. Panya hugawanywa makundi. Kundi moja hupewa maji tu. La pili hupewa kaboni tetrakloridi, ile ile iliyowaua wagonjwa wa safura, nayo inapofika katika ini huvunjwa na vimeng'enya vyake ikageuka chembe kali isiyotulia, yenye njaa ya kuungana na kila kiguswacho nayo. Huushambulia utando wa mafuta uzungukao seli, seli zikapasuka, vilivyomo ndani vikavuja damuni, na kiasi cha uvujaji huo hupimwa. Kundi la tatu hunyweshwa maji ya mti kwa siku kadhaa kwanza, ndipo sumu ifuate. La nne hupewa dawa iliyokwisha kujulikana, aghalabu silimarini, itokayo katika mbegu za mbaruti wa Ulaya ambao Wayunani wa kale waliujua, na ambayo wanakemia wa Ujerumani waliuweka wazi muundo wake katika miaka ya 1960. Kisha maini ya wote hutazamwa kwa hadubini.

Msomaji aone: mti hutangulia, sumu hufuata. Jaribio hilo ni jaribio la kago, si la tiba. Na iliyofanya vema ndani yake ni miti ambayo babu zetu waliijua. Mwaka 2003 watafiti wa Saudia walichapisha kwamba unga wa ubuyu ulipunguza madhara ya kaboni tetrakloridi katika maini ya panya. Ng'wandu wa Shinyanga, ambao watoto wa Mhunze huuramba wakitoka shuleni, umeingia maabara kwa heshima. Gome la mjunju limefanyiwa majaribio ya namna hiyo, na ukwaju pia, na majani ya mlonge na ya mwarobaini yamejaribiwa dhidi ya dawa ya maumivu ya parasetamoli, ambayo ikizidi kipimo huliharibu ini kwa njia inayofanana na hiyo. Sababu inaelekea kuwa moja: mimea hiyo ina viambato vinavyoishibisha ile chembe yenye njaa kabla haijaufikia utando wa seli, na vingine vinavyolisaidia ini kutunza akiba yake ya kujikinga.

Lakini maarifa bila hadhari ni upanga mkononi mwa mtoto. Panya si mtu, na siku saba si miaka ishirini ya machimboni. Miti iliyothibitishwa kwa wanadamu katika jambo hili ni michache mno, wala mimi sijui hata mmoja ambao mchoma zebaki anaweza kuunywa asubuhi akainama juu ya koleo mchana kwa amani. Tena imo mimea iliyo sumu ya ini yenyewe. Jamii ya marejea, ambayo wakulima wetu huipanda kurutubisha udongo, ina ndugu zake wenye sumu izibayo mishipa midogo ya ini. Kule Jamaica katika miaka ya 1950 madaktari waligundua kuwa watoto waliovimba matumbo walikuwa wamenyweshwa chai ya majani ya namna hiyo na mama zao, kwa mapenzi, kama dawa. Kwa hiyo aulizaye mti bila kuuliza ni mti gani hasa, sehemu gani, kiasi gani na kwa muda gani, hajauliza kitu. Na mwenye macho ya manjano aende hospitali kwanza, amweleze tabibu bila haya kila mti alioutumia.

Wapo pia walioichafua heshima ya miti kwa damu. Mauaji ya vikongwe wenye macho mekundu, yaliyokuwa ni moshi wa jikoni tu, na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliiletea nchi hii aibu ambayo haifutiki. Hata mwezi Januari mwaka 2009 serikali ikatangaza kuzifuta leseni za waganga wa jadi wote. Nfumu wa miti aliyekuwa akikaga watoto kwa majani alihukumiwa pamoja na muuaji. Sisemi hayo kumtetea mtu. Nayasema kwa kuwa elimu iliyokaa gizani haiwezi kujitenga na uovu uliokaa gizani pamoja nayo. Ikitoka nuruni, ikaandikwa, ikapimwa, itajulikana mwana ni yupi na mwizi ni yupi.

Kuna jambo moja limebaki, nalo ndilo linipalo matumaini. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alizuru Shinyanga akaona nchi iliyo uchi, na mwaka 1986 ukaanza mpango ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuzoea kwa jina la HASHI. Mwanzoni wataalamu walipanda miche ya kigeni, na mingi ikafa. Ndipo walipowasikiliza wazee, wakazirudia ngitili. Kumbe chini ya udongo ule mweusi visiki vilikuwa bado hai. Vilichokihitaji ni kuachwa tu, ng'ombe wakae mbali msimu mmoja au miwili, panga lipumzike. Vikachipua. Hekta 600 hivi za ngitili zilizokuwa zimehesabiwa mwaka 1986 zilizidi 300,000 katika muda wa miaka isiyofika ishirini, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kati ya mazao ambayo wanavijiji walisema wameyarejeshewa, pamoja na kuni, asali na malisho, dawa za miti zilikuwamo.

Na ini lina tabia hiyo hiyo. Katika mwaka 1931 wanasayansi wawili wa Marekani, Higgins na Anderson, walikata theluthi mbili za ini la panya, na katika siku chache theluthi iliyobaki ilikua hata ikarudisha uzito wa mwanzo. Hakuna kiungo kingine kikubwa cha ndani kiwezacho hivyo. Lakini kisiki kikatwacho kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, hatimaye hukauka. Na ini lipigwalo na sumu kila siku huacha kuchipua, likaota makovu badala ya nyama, na kovu halifanyi kazi ya forodha. Ngitili ilifufuka siku panga lilipopumzishwa, na maji yaliyomwagwa juu ya visiki wakati panga lingali likifanya kazi yalikuwa maji ya bure.

Kwa hiyo ukinipeleka sokoni Mhunze ukaniuliza nikuonyeshe kago la ini, nitakuonyesha mambo ambayo hayauzwi. Nitakuonyesha mama aanikaye karanga zake juu ya turubai, si juu ya udongo, azigeuze mchana kutwa mpaka zilie zikitikiswa. Nitakuonyesha mkulima atoboaye kopo la dawa ya pamba kwa msumari ili lisibebe tena kitu kiliwacho. Nitakuonyesha mchimbaji wa Geita aliyefungia kidonge chake katika ritoti, moshi ukarudi kuwa zebaki ndani ya chombo badala ya kuingia kifuani mwa mtoto. Na mwisho nitakuchukua nje ya mji hadi kwenye mti mmoja wenye makovu mawili, moja mashariki na jingine magharibi, umepona pande zote mbili na umejaa majani. Aliyeubandua gome alikuwa na haja nao, na mgonjwa alikuwa akimsubiri nyumbani. Naye hakuchukua zaidi ya kiganja.